Je, Wajua? Kadi ya Grafiki na Kasha la Dukani, Ruwi

Je, wajua kuwa kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa zikiwa zimeshafungwa kila kitu haziwezi gemu kwa sababu moja tu: hazina kadi ya grafiki ya peke yake? Prosesa nyingi za Intel, na baadhi za AMD, zimebeba grafiki humo humo ndani. Zinatosha kwa hesabu za duka, kwa YouTube na kwa barua za ofisi. Fungua EA Sports FC, utaona picha inavyokatika kabla mpira haujavuka nusu ya uwanja.

Wajua kuwa Ruwi, hapa Maskati, ina mtaa ambao kila mtu anauita Computer Street? Uko upande wa mabenki na maofisi. Maduka yamebanana kioo kwa kioo: laptopu, wino wa printa, kamera za ulinzi, mafungu ya nyaya yananing'inia mlangoni, na kwa ndani fundi ameinamia madabodi, taa kaivuta hadi puani. Utasikia Kihindi, Kimalayalam, Kiurdu na Kiarabu. Kiswahili nacho hakikosi, maana Maskati imejaa watu ambao wazee wao walirudi kutoka Unguja, Pemba na Mombasa, na vijana wao ndio hao wanaoulizia kadi.

Muuzaji naye ana jibu moja: "Sadiq, hii inaingia kompyuta zote." Haiingii zote. Safu ya leo inahusu sababu zake.

Je, wajua kuwa ile nafasi ndefu ya PCI Express kwenye madabodi, inayopokea kadi ya grafiki, hutoa umeme wa wati 75 tu? Kadi inayotaka zaidi lazima ivutiwe waya wake kutoka kwenye pawa saplai: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. Ishike hesabu hii, maana karibu kila ugomvi kati ya mteja na duka unatokea hapa.

Wajua kuwa pawa saplai ya Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo ni ya wati 240, na ya kasha la mnara ni ya wati 275? OptiPlex 9020 ya mnara ina 290. HP EliteDesk 800 G1 ya umbo dogo ina 240. Mashine za ukoo huu zilitengenezewa maofisi, zikatumika miaka, zikauzwa. Nairobi wanaziita ex-UK na utazipata Luthuli Avenue. Dar es Salaam ziko Kariakoo. Ruwi zimepangwa sakafuni zikiwa zimefutwa vumbi. Sasa tazama upande wa pili: GeForce RTX 5090, iliyoingia sokoni Januari 2025, imepimiwa wati 575 peke yake. Kadi moja hiyo inameza umeme wa OptiPlex 7010 mbili na bado haijashiba.

Je, wajua namna ya kusoma pawa saplai yako bila kumuuliza mtu? Chomoa waya ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani utoke. Fungua ubavu wa kasha. Kwenye Dell nyingi za ofisi hakuna hata skrubu, ni komeo la kuvuta. Pawa saplai ni lile sanduku la bati ambalo nyaya zote zinatokea humo, na lina kibandiko chenye jedwali. Namba kubwa ya jumla iache. Tafuta safu ya volti 12, soma ampea, zidisha kwa 12. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216. Toa 84 za prosesa kama Core i5-4570, toa na za feni, diski na memori, kinachobaki ndicho cha kadi. Utaona mwenyewe kwamba kadi ya wati 75 inapita na ya wati 170 haipiti, hata kama nafasi ya kuichomeka ipo na inang'aa.

"Basi nitabadilisha pawa saplai." Wajua kuwa kwenye mashine nyingi za chapa kubwa jambo hilo si rahisi hivyo? Madabodi ya kawaida hupokea plagi ya pini 24. OptiPlex 9020 na ndugu zake wa kizazi cha 2013 hupokea ya pini 8. EliteDesk 800 G1 hupokea ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida haichomeki mpaka utafute waya wa kugeuza, na kwenye kasha dogo hata ukiupata, sanduku lenyewe halienei.

Wajua kuwa zamani ilikuwa mbaya zaidi? Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell ilitumia plagi iliyofanana kabisa na ya kawaida, ila nyaya zake zilipangwa vingine. Ilichomeka vizuri tu. Ukiwasha, madabodi imekwenda. Angalau siku hizi plagi ngeni inakataa kuingia.

Je, wajua kuwa waya wa hatari kuliko wote mtaani ndio wa bei ndogo kuliko wote? Ni ule unaogeuza plagi ya SATA ya diski kuwa pini 6 za kadi ya grafiki. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imepimiwa ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Upande wa pili kadi inaambiwa hapa kuna wati 75. Tofauti hiyo hailipwi na mtu mwingine, inalipwa na plastiki: inapata moto, inalegea, inayeyuka. Fundi akikuletea waya huo huku anasema hauna neno, mshukuru, chukua kasha lako, nenda duka la pili.

Wajua kuwa si plagi za bei ndogo tu zinazoyeyuka? RTX 4090 ya Oktoba 2022, kadi ya wati 450, ilikuja na plagi mpya ya kupitisha hadi wati 600, na mwezi huo huo wanunuzi walianza kuonyesha picha za plagi zilizoungua. Wengi hawakuwa wameisukuma mpaka mwisho. Baadaye plagi yenyewe ilirekebishwa.

Je, wajua kadi zipi basi zinaishi kwa wati 75 za nafasi peke yake? Si nyingi, lakini zipo. GTX 750 Ti ya 2014, wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016, wati 75. GTX 1650 ya 2019, wati 75, ila baadhi ya watengenezaji wameitilia plagi ya pini 6, kwa hiyo geuza boksi uangalie. Radeon RX 6400 ya 2022, wati 53. Na RTX 3050 ya memori ya 6GB, iliyotoka Februari 2024, wati 70. Mimi kwa OptiPlex ya mtu wa kawaida ningechukua hiyo ya mwisho bila kufikiri sana. Lakini soma boksi: RTX 3050 ya 8GB ni kadi nyingine, inataka wati 130 na waya wake. Jina moja, umeme mbalimbali, na muuzaji hana haja ya kukukumbusha.

Wajua kuwa RX 6400, pamoja na uzuri wake wa kula umeme kidogo, ina mtego? Kadi nyingine kubwa hutumia njia 16 za PCI Express, au 8. Hii hutumia 4. Kwenye mashine mpya yenye PCI Express 4.0, njia nne zinapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, na mambo yanakwenda. Kwenye mashine ya ofisi ya 2015 yenye toleo la 3.0, zinapitisha nusu yake, na memori ya kadi yenyewe ni 4GB tu. Gemu ikizidisha hapo, data inaanza kupishana kwenye kichochoro, na picha inakwama kila baada ya hatua. Jambo lenyewe la kuudhi ni kwamba kadi hii ya nusu kimo, isiyotaka waya, inawaita hasa wenye mashine za zamani, na wao ndio inaowaonea. Isitoshe haina kifaa cha kurekodi video, kwa hiyo mwenye ndoto za kurusha gemu zake YouTube aiache hapo hapo kwenye kabati la kioo.

Na Intel Arc je? Intel wenyewe wanasema kadi zao zinahitaji mashine yenye uwezo uitwao Resizable BAR, na kwa upande wa prosesa zao hilo huanzia kizazi cha 10. Kwenye OptiPlex ya zamani, isahau.

Wajua kuwa "umbo dogo" si maneno ya tangazo, ni kipimo? Makasha ya SFF hupokea kadi ya nusu kimo tu, yenye bamba fupi la chuma mwishoni. Kadi nyingi za aina hiyo huja na mabamba mawili kwenye boksi, refu na fupi, na kubadilisha ni kazi ya skrubu mbili tatu. Ukinunua kadi iliyotumika, uliza bamba fupi liko wapi. Mara nyingi limebaki kwenye droo ya mtu.

Kadi huwa na unene pia. Yenye feni kubwa hukalia nafasi mbili, na kwenye kasha dogo nafasi ya pili ndipo ukuta ulipo.

Je, wajua kuwa nafasi mbili ndefu zinazofanana hazina nguvu sawa? Kwenye OptiPlex nyingi ile ya pili ni ndefu kwa sura tu. Ndani imeunganishwa njia nne. Kadi iingie ile iliyo karibu zaidi na prosesa.

Tuvute pumzi kidogo. Wajua kuwa bonde hili la Ruwi ndimo ulimokuwa uwanja wa ndege wa Maskati? Uliitwa Bait al Falaj, kwa jina la ngome iliyopo hadi leo na ambayo sasa ni makumbusho ya jeshi. Marubani walilazimika kujipenyeza katikati ya majabali ili watue. Uwanja ulipofunguliwa Seeb mwaka 1973, bonde likaachiwa mabenki, maduka, na baadaye kompyuta.

Majabali hayo hayo yamelizunguka bonde, na mwezi wa Juni mtu anayehisi joto lake ni yule asiye na AC. Je, wajua kuwa Qurayyat, mwendo mfupi kusini ya Maskati, iliwahi kupitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6? Ilikuwa Juni 26, 2018, na dunia nzima iliandika. Hilo linakuhusu kwa sababu kadi nyingi za GeForce zimewekwa zijizuie zinapokaribia nyuzi 83: zinapunguza kasi zenyewe, na gemu iliyokuwa inateleza inaanza kusuasua baada ya dakika ishirini. Kadi haijafa. Imekataa kuungua.

Wajua kuwa kasha la ofisi lina feni moja, mbili kwa bahati, na lilipangwa kutoa joto la prosesa tu? Kadi ya wati 75 ndani yake inavumilika. Lisogeze kasha mbali na ukuta, na lisikae juu ya zulia. Vumbi la Maskati ni laini na linajipenyeza kila tundu. Unapolipuliza, zuia feni kwa kidole. Ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibu beringi yake, au ikarudisha umeme kwenye kadi.

Je, wajua kuwa baada ya kufunga kadi mpya, kosa linaloongoza ni kuchomeka skrini pale pale palipokuwa? Tundu la HDMI la madabodi bado linatoa ile grafiki dhaifu ya prosesa, au halitoi kitu. Tundu la kadi liko chini yake, limelala. Mafundi wanapigiwa simu usiku kwa jambo hili, nao hucheka wakishakata simu.

Wajua kuwa mashine inaweza kuwaka feni zote na skrini ikabaki nyeusi, na kadi ni nzima? Kadi mpya kwenye BIOS ya zamani. Kabla ya kuifunga, sasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji na uiweke kwenye UEFI.

Na memori? Kijiti kimoja cha 8GB ni dhaifu kuliko viwili vya 4GB, kwa sababu viwili husomwa sambamba. Ni badiliko la riali chache.

Je, wajua kuwa skrini ya herzi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, hata kadi itoe 140? Ukiwa na skrini iliyokuja na kompyuta, usilipie picha ambazo hutaziona.

Wajua kuwa Counter-Strike na Valorant huitegemea prosesa sana? Kadi kubwa kwenye Core i5 ya 2013 hukaa inasubiri. Na Valorant ina sharti jingine: kwenye Windows 11 inadai ulinzi wa TPM 2.0 na Secure Boot. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inazikubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, huku Windows 10 msaada wake wa kawaida umekoma Oktoba 14, 2025. Mashine ya kizazi cha 4 imebanwa pande zote mbili, na hakuna kadi itakayoitoa hapo.

FC 24 ilitaja GTX 1050 Ti kuwa ndiyo ya chini kabisa. GTA V, ilipokuja kwenye kompyuta Aprili 14, 2015, ilikubali hata kadi ya memori ya 1GB. Kwa hiyo mwenye mapenzi na gemu hizi ana haki ya kuwa na OptiPlex yake. Ila Nvidia, wenye GeForce, walitangaza kwamba kadi za GTX 900 na 10 zingepata draiva za gemu mpya mpaka Oktoba 2025, na baada ya hapo marekebisho ya usalama tu. GTX 1050 Ti ya mtumba kwa bei ya chini, sawa. Kwa bei ya kadi mpya, hapana.

Je, wajua ni siku gani kadi za mtumba zilifurika duniani? Septemba 15, 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na maelfu kwa maelfu ya kadi zilizokuwa zinakesha zikakosa kazi. Zingine zinafanya kazi mpaka leo bila tatizo. Feni na pedi za joto ndizo zinazochoka. Usiikatae kwa kuwa ilichimba. Ikatae kama muuzaji hataki uijaribu ikiwa imewashwa.

Wajua kuwa kuna kadi za uongo? Chipu kuukuu kama GTX 550 Ti hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijiite GTX 1050 Ti, na Windows inaamini. Programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuwaumbua matapeli hawa mwaka 2018. Iweke kwenye flashi, ingia nayo dukani, iwashe mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Na Radeon RX 580 iliyoandikwa 2048SP si ya uongo, lakini ndani yake ni sawa na RX 570. Ilitengenezewa soko la China.

Je, wajua kuwa riali ya Omani imefungwa kwenye dola tangu 1986, riali moja kwa dola 2.6008? Basi bei rasmi ya dola unaweza kuipiga hesabu ukiwa umesimama kaunta. RTX 4060 iliingia sokoni Juni 2023 kwa dola 299: ni riali 115, na VAT ya asilimia 5, inayotozwa Oman tangu Aprili 16, 2021, inaifikisha karibu 121. Kilichozidi hapo ni usafiri na faida ya duka. Bishana hapo.

Wanaokwambia uende Dubai kwa kuwa hakuna kodi wamechelewa: VAT ya asilimia 5 ilianza kule Januari 1, 2018. Utapata aina nyingi zaidi, hilo kweli. Ikiharibika, dhamana iko upande wa pili wa mpaka.

Wajua kuwa Oman ina sheria kamili ya kumlinda mlaji, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 66 ya 2014? Risiti ndiyo ulimi wako. Iwe imeandikwa jina kamili la kadi na namba yake, si "kadi ya kompyuta" basi.

Kwa anayetaka kuipeleka mashine nyumbani: plagi ya pini tatu za bapa ya Oman ndiyo hiyo hiyo ya Kenya, Uganda, na ya nyumba nyingi za Tanzania na Zanzibar, na umeme ni herzi 50 kote. Hatari iko kwa mashine za zamani zilizotumwa na jamaa walioko Marekani. Nyuma ya baadhi ya pawa saplai kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiachwa 115 halafu ukachomeka ukuta wa Ruwi, utasikia mlio mmoja tu.

Wajua, mwisho, kuwa maduka mengi ya Ruwi hufunga mchana na hufunguliwa tena alasiri, na Ijumaa asubuhi ni kimya? Nenda jioni, uwe na picha nne kwenye simu: kibandiko cha pawa saplai, plagi zilizobaki bila kazi, upana wa ndani wa kasha ukiwa na rula, na jina la modeli lililoandikwa mbele. Muuzaji mzuri atazitazama kabla hajafungua kabati. Asiyetaka kuzitazama, usinunue kwake.